Kiitaliano cha Mama

Embu, 3 Februari 2025

Mama, muga! Habari ya nyumbani? Macho yanaendeleaje? Mimi niko mzima, ni uchovu tu. Nikitoka duka la dawa nakaa tena kwa kompyuta mpaka shingo inauma.

Uliniuliza hii kazi ya magemu ni gani. Ni magemu ya zamani ya kompyuta, yaliyotolewa kwa lugha nyingi. Ya Kiitaliano yalifanywa kwa haraka, yana makosa ambayo hayako kwa yale ya Kiingereza. Mimi na wenzangu wa nchi za nje tunayacheza na kuandika kila kosa, ili wanaojua wayarekebishe kabla hayajapotea kabisa. Ni kujitolea tu. Nilijitwika Kiitaliano kwa sababu yako, uliyewapikia masista wa Italia miaka yote ile mpaka ukajua lugha yao. Nimekutumia picha mbili za skrini. Nisomee.

Binti yako,
Kawira

Nkubu, 6 Februari

Mwanangu Kawira, salamu nyingi. Mimi niko tu, namshukuru Mungu. Jua ni kali, nyasi ya ng'ombe imekauka yote.

Picha nimeziona, nikiweka simu karibu na pua. Huyo muuza samaki anasema anauza vifundo vya mkono! Walitaka kuandika pweza, wakakosea herufi moja ya Kiitaliano. Nimecheka peke yangu jikoni. Kwa picha ya pili, yule nyanya wa kinu cha unga anasema, "Mwanangu, ufunguo uko chini ya," halafu basi. Maneno yamekatika, hayakutosha kwa kile kisanduku. Sasa mtu ataingiaje?

Jicho la kushoto lina ukungu. Kliniki wamesema nije Alhamisi ijayo na mtu wa kunishika mkono, kwa sababu dawa watakayoweka itanizuia kuona vizuri. Utaweza?

Mama yako

Embu, 8 Februari

Mama, umeamkaje? Alhamisi sitaweza. Dukani tulikuwa wawili, na mwenzangu ameenda kujifungua. Muombe jirani yako Lenah.

Wenzangu wamefurahia sana ule ufunguo. Walidhani gemu yenyewe imeharibika, kumbe ni maneno tu. Nimetuma picha zingine. Soma polepole.

Kawira wako

Embu, 17 Februari

Mama, mbona kimya? Ulienda? Simu inaita tu. Picha ziache kwanza.

Kawira

Nkubu, 2 Machi

Kawira, hujambo? Huyu ni mama yako, lakini anayeandika ni Lenah, naye anakusalimia. Alhamisi ile alikuwa na mazishi Ruiri, nikaona nisisumbue watu, nikakaa nyumbani. Baadaye jicho likauma kama limetiwa pilipili. Nilipofika kliniki daktari akasema, "Mama, hili la kushoto limeenda. Tushike la kulia."

Nikamuuliza, "Na kama ningekuja siku ile?"

Akasema, "Hapo sijui."

Nakuambia vile alivyosema, usije ukajiongezea lawama. La kulia litapasuliwa Jumanne. Usiache kazi.

Mama yako

Nkubu, 24 Machi

Mwanangu Kawira, ulifika salama? Umelala? Naandika mwenyewe, kwa jicho la kulia, kwa hivyo nitakosea.

Hukuwa na haja ya kulala kwa kiti pale hospitali, Lenah angekuja. Lakini uliomba ruhusa dukani ukaja, na ukakaa hizi wiki zote, ukinipikia uji na kunikaripia nikiinama. Nyumba imekuwa kubwa tangu jana.

Ulipoondoka nilifungua zile picha zako. Nimesoma moja na nusu, kichwa kikaanza kuuma. Nguvu ya kuona niliyobaki nayo ni kidogo, mama. Ningependa kuitumia kukuona wewe. Usikasirike.

Mama yako

Embu, 25 Machi

Mama, nimefika salama, lakini usingizi sikupata.

Sijakasirika. Nimewaambia wenzangu watafute mtu mwingine wa Kiitaliano. Wameuliza kama nina lugha nyingine, nikasema sina.

Jumamosi nitakuja. Usitoke nje kunisubiri, hilo jua litakuumiza. Kaa ndani, nitabisha.

Binti yako,
Kawira