Mipini ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Miezi mitano leo tangu Baba Pacha apigwe na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Kikombe anashika. Kijiko anashika. Vyuma vyake vya kuchokonolea vitasa — hapana. Vyembamba mno. Alivichonga mwenyewe kwa bledi za msumeno wa chuma kabla hatujaoana, na havina mpini. Hakuhitaji mpini. Leo amejaribu kufuli la tangi la maji akidhani niko jikoni. Nilikuwa jikoni. Dirisha la jikoni linatazama tangi. Vimemdondoka mara kumi na moja.

Jioni kaja msimamizi wa lile jengo la kazini kwake. Pole fundi, pole sana. Akanywa chai, akamaliza chai, akasema ile nafasi ya Baba Pacha ya ufundi vitasa, chini ya ngazi, anaiomba fundi simu. Halafu: chumba cha mita kimefungwa, ufunguo umepotea. Fundi akija Jumamosi ya tarehe 15 akaufungua mlango bila kuuvunja, nafasi ni yake kama zamani. Asipoweza — "tutaelewana."

Baba Pacha akasema, nitakuja. Mimi nikatazama ukuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua: mipini. Miaka kumi na tisa niko masjala. Kitu kisichoshikika kinatiwa kwenye jalada.

Kipimo kwanza. Nimelowesha kipande cha sabuni ya kufulia mpaka kikalainika, nikampa.

— Nifue?

— Finya tu.

— Nifinye sabuni.

— Ndiyo.

Amefinya. Dole gumba limeingia sentimita moja. Kidole cha shahada, nusu. Vilivyobaki havikuacha alama. Nimepima kwa rula, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Miswaki sita. Mwenye duka kauliza nina watoto wangapi. Nikamwambia wawili, wameshaolewa. Akanitazama meno.

Nimekata vichwa vya miswaki. Nimepasha mkia wa kila chuma kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, nikausokomeza kwenye plastiki. Umezama wenyewe! Umekaa imara. Vyuma vifupi, kwa hiyo moto umefika mpaka nchani, ila ile rangi ya buluu inapendeza. Nimeviandika namba 1 hadi 6 kwa rangi ya kucha.

Ijumaa, 7 Machi

Namba 1 imepinda ndani ya kufuli la tangi. Namba 2 imepinda. Baba Pacha akavipanga vyote sita mezani, akavikunja kimoja kimoja kwa kidole.

"Umevipika," akasema.

Akaeleza. Bledi ya msumeno ugumu wake imepewa kiwandani. Ukiipasha tena mpaka iwe nyekundu, inabaki waya. Maneno mengi kiasi hicho sijayasikia tangu Oktoba. Nikasema ningekuuliza. Akasema ungeniuliza.

Vyuma vya miaka ishirini na sita. Nimelia chooni, dakika nne. Nikatoka nikaosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Jana alinituma bledi mpya. Anazibana kwenye jiliwa, anapiga tupa kwa mkono wa kushoto, kila mara anamwagia maji ili chuma kisipate moto. Siku mbili, vyuma vinne. Anapiga mluzi. Sijasema kitu, asije akaacha.

Wifi kapita. Kanikuta sebuleni nakata fimbo ya ufagio, kaka yake yuko kwenye jiliwa.

"Wifi, wizi mmeanza lini?"

"Jana."

"Na huyu wa mkono mmoja ndiye atakayepanda ukuta?"

"Nitapanda mimi. Yeye atapiga mluzi polisi wakija."

Baba Pacha kacheka mpaka tupa ikaanguka. Baadaye wifi akanifuata jikoni, sauti chini. Mnampeleka mbele za watu kwa nini? Akishindwa pale, wifi yangu, huyu hatoki tena ndani. Utamlisha uji kitandani mpaka uzeeke.

Najua. Nilikuwa na msasa mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Mpini wa kwanza: kipande cha fimbo ya ufagio, nimekipasua kwa msumeno, chuma katikati, gundi, juu nimezungusha uzi wa kushonea viatu. Hakuna moto popote. Unene sawasawa na alama za sabuni.

Kaukataa. "Huu wa jembe. Sisikii kitu."

Kumbe pini zilizo ndani ya kitasa husikika kwa vidole. Mti mnene unazima kila kitu. Nimepunguza kwa msasa. Bado. Nimepunguza tena. Bado! Nikamwambia basi nikukabidhi gogo ulichonge mwenyewe. Akasema usinune, kata hapa. Nimekata kidirisha pembeni, kidole cha shahada kilale juu ya chuma chenyewe, kiganja kikumbatie mti.

Akaushika. Akauzungusha kidogo.

"Hapo."

Vingine vitatu nimevimaliza kwa mtindo huohuo. Namba nimerudia, kwa rangi ileile.

Ijumaa, 14 Machi

Kufuli la tangi: dakika arobaini. Mara ya pili: thelathini na moja. Zamani alikuwa analifungua huku anabishana na mteja. Lakini hajadondosha kitu. Hata mara moja.

Kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne na robo. Naandika hapahapa kwenye ngazi, daftari gotini, kwa kuwa sina la kufanya na mikono.

Fundi simu keshaleta meza yake, ameifunika shuka. "Shikamoo mzee," kamwambia Baba Pacha, na amempisha vizuri. Mtu mpole. Angekuwa mshenzi ingenisaidia. Msimamizi anatazama saa yake. Wapangaji watatu wamesimama kutazama mlango.

Pini tano. Mkono wa kulia una mpini namba 3, na umetulia. Mpini umefanya kazi yake, naliandika hilo bila majivuno. Uliochoka ni wa kushoto. Huo ndio unaokandamiza chuma cha pili, chenye kona, kinachozuia pini zilizoinuliwa zisirudi; nguvu kidogo tu, lakini muda wote. Ukilegea, pini zote zinarudi chini. Alipokuwa mzima ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sasa ni saa nzima. Pini tatu — zimerudi. Nne! — zimerudi. Tatu. Mbili.

Sikuufikiria mkono wa kushoto. Sikuupima. Wiki mbili nimeandika habari za mkono mmoja.

Msimamizi: fundi, si vibaya, ngoja nimpigie mtu wa grainda aje akikate kitasa. Kashatoa simu. Baba Pacha hajamtazama. Anafuta kiganja cha kushoto kwenye suruali.

Huyu hajawahi kuruhusu mtu aguse kazi yake. Mwaka mmoja nilimshikia tochi, akaninyang'anya.

Ananiita. "Mama Pacha. Njoo unikandamizie hapa."

Kwa sauti, wote wamesikia. Msimamizi kashusha simu. Fundi simu kavuta meza yake nyuma nipate kupita.

Nimeuliza kutoka hapa ngazini: nguvu kiasi gani?

"Kama unavyolifungua hilo daftari ukidhani nimelala."

Watu wamecheka. Nakwenda