Walipomrudisha Lazaro Kaburini

Siku ya Mungu, 5 Aprili 1964

Jambo, Bwana wa mbinguni. Wewe huugui, lakini adabu ni kuuliza: umeamkaje? Sisi hapa Kilibula tumeamka. Nimetoka misa, nimeloweka maharagi, naandika.

Filimu imerudi. Ile Padiri aliyoipiga Kwaresima ya mwaka jana, tulipocheza Lazaro kwa nyimbo mbele ya kanisa. Ilikwenda kuoshwa Ulaya. Picha zipo, sauti hakuna. Mashine yake haikushika sauti. Kwa hiyo korali tutasimama nyuma ya shuka tuimbe, tukifuata midomo yetu wenyewe.

Lazaro ni Daniele, mume wa mdogo wangu Veronika. Askari walimpiga risasi kwenye kizuizi cha njia, barrière ya Sange, mwezi wa kwanza. Alikataa kuachia mfuko wake wa mchele. Matanga tumeyafunga. Kwetu kilio kikifungwa hakifunguliwi.

Na Marta ni Veronika mwenyewe. Mwaka jana watu walicheka: bibi anamlilia bwana yake kama kaka! Sasa atamlilia kama nani?

Nilimwambia akatae. Alisema, "Yaya, nataka tu kumuona."

Siku ya Tatu, 8 Aprili

Parokia haina shuka kubwa. Tumeunga yangu na ya Veronika, ile ya kitanda cha ndoa. Mshono unapita katikati.

Mwalimu Barnaba anayetuongoza alitaka Simoni mwashi aimbe ubeti wa Lazaro. Veronika akakata: "Hapana. Simoni aimbie bibi yake. Kinywa cha Daniele kibaki hivyo hivyo." Simoni alishukuru. Aliogopa kusimama mahali pa maiti.

Siku ya Posho, 11 Aprili

Nimechafuka roho. Sijui nianzie wapi.

Giza liliingia, uwanja ukajaa. Askari kwenye benchi la mbele, bunduki magotini. Sisi nyuma ya shuka tunaona picha imegeuka, kulia ni kushoto. Watu tunawasikia tu. Karanga zinavunjwa. "Tazama tumbo ya Petro!" "Mama Jeneroza iko na miguu ya bata!" Huyo ni mimi. Sawa, cheka.

Kaburi lilikuwa kwenye shuka yangu. Veronika akaimba, sauti haikutetemeka. Daniele akatoka na sanda zake, akavuka mshono, akaingia kwenye shuka ya mke wake. Mama mmoja akaanza, "Ni Daniele! Uwii, ni Daniele!" Daniele akafungua kinywa kuimba. Hakuna kitu.

Ndipo askari mmoja: "Si ule wa mchele? Anaulizia mchele yake!"

Benchi zima likacheka. Kisha nyuma yao, watu wetu. Wabatizwa. Mwanzo kwa woga, nadhani. Baadaye kwa raha. Kicheko cha woga nakijua, kinakatika upesi. Hiki hakikukatika.

"Rudisha!" Fundi wa mashine akaizungusha filimu kinyume. Daniele akaenda kinyumenyume, akavuka mshono, kaburi likammeza, jiwe likajifunga. Wakapiga miguu chini. "Mutoe! Muingize tena!" Akatolewa, akaingizwa, mpaka wakachoka wenyewe.

Veronika alikuwa ameshika mkono wangu. Kucha zake zimeacha alama.

Siku ya Mungu, 12 Aprili

Kwenye komunyo nilitazama vinywa. Vile vile vya jana, vinafunguka kupokea mwili wako. Sikupokea. Unisamehe, Bwana, nilishindwa kula nao meza moja.

Padiri alikuwa na furaha: watu walipenda sana! Alikaa karibu na groupe, ile injini ya umeme, kelele zake zilimziba masikio. Nilipomweleza, alikaa chini, akashika kichwa. Lakini sajini wa askari wale ameshaagiza: siku ya posho ijayo, tena. Nani atamkatalia? Wanasema vita vinasogea uwandani. Vidole vya askari ni vyepesi siku hizi.

Jirani yangu Mama Sifa, pale bombani: "Mama, mutaonesha tena lini? Ile ya kinyumenyume iliniua mbavu!" Nilimwacha na ndoo yake.

Siku ya Tano, 17 Aprili

Veronika hali chakula. Nimemwomba aseme anaumwa. "Minye siumwi, Yaya. Nitaimba." Najua atawajibu wale. Nao watamjibu kwa risasi. Nasali, maneno hayatoki sawa.

Siku ya Posho, 18 Aprili

Veronika ameokoka. Naandika hilo kwanza.

Daniele alipotoka kaburini, sauti ile ile: "Mwenye mchele huyo! Rudisha!" Veronika akaachia mkono wangu. Akazunguka, akasimama mbele ya shuka, ndani ya mwanga. Nguo yake nyeusi ikammeza Daniele. Ukabaki uso wake tu, juu ya kichwa cha mkewe, kinywa wazi. Naye Veronika akauimba ubeti wa mumewe, ule tuliouacha. "Nimetoka, ndugu zangu, nifungueni." Sauti ya chini, nzito. Sikuwahi kuisikia kwake.

"Weye mama, toka hapo!" akafoka yule askari.

Hakutoka. Nikasikia bunduki inakokiwa. Nikazunguka na mimi, nikasimama kando yake. Hapo ndipo nilipowaona watu. Hakuna aliyecheka. Korali ikaitikia nyuma yetu. Mama mmoja uwanjani akadakia, wengine wakafuata, wimbo waliujua. Yule askari akageuka kutafuta wenzake wacheke naye. Mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.

Sajini akasema, "Zima. Inatosha."

Ningewasamehe watu wetu pale pale. Lakini wakati wa kutoka Mama Sifa akanishika bega: "Leo mumecheza vizuri kupita siku ile! Ile ya kusimama mbele, nani aliwafundisha?" Na waliokuwa naye wakapiga makofi.

Makofi, Bwana. Nilitema mate chini.

Siku ya Kwanza, 20 Aprili

Mvua asubuhi, kisha jua. Nimefumua mshono. Veronika amefua shuka yake ziwani, ameianika juu ya mawe. Maganda ya karanga yalikuwa yamenasa kwenye pindo.

Jioni nilimpelekea ugali. Nimemkuta ameshatandika, amelala upande wa ukutani, kama zamani. Upande wa pili ameuacha. Nimefunika sahani, nimefunga mlango polepole.

Shuka yangu bado iko kwenye kamba. Kaburi lilikuwa juu yake, siwezi kuilalia leo.

Kesho nitakutana na Mama Sifa bombani, na wengine. Nitawasalimu kwa uso gani? Hilo tu nakuuliza. Unijibu upesi.