Moshi wa Yadi Umerudi

Mtaa wa Olivo,
Colmena, California.
9 Machi 2013

Mpendwa binamu Fidencio,

Pole na baridi ya huko Alaska. Yesenia hajambo? Na goti lako, linakubali ngazi siku hizi? Sisi bado tunapumua, na sisemi hivyo kwa mzaha.

Habari ni ya Shangazi Eulalia. Unaijua nyumba yake, ukuta wa nyuma umepakana na yadi ya treni za mizigo. Vichwa vya treni husimama pale vikinguruma mchana kutwa bila kwenda kokote, na moshi unaingia mpaka kwenye mikate yetu ya tortilla.

Mwaka juzi jimbo lilipiga marufuku: treni ikisimama zaidi ya nusu saa, izimwe. Tulicheza barabarani, Fidencio! Kiangazi chote shangazi alilala madirisha wazi, akasahau hata dawa yake ya pumu ameiweka wapi.

Kampuni ya reli ikaenda mahakamani. Hakimu hakusema moshi hauna madhara. Alisema reli iko chini ya sheria za serikali kuu kule Washington, jimbo halina mamlaka ya kuigusa. Jioni ileile ngurumo zikarudi.

Nikampigia simu ofisa wa jimbo. "Dada, tumefungwa mikono. Jaribu Washington." Nikampigia wa Washington. "Mama, malalamiko ya hewa anza nayo jimboni kwenu." Nikamuuliza mapafu ya shangazi yangu ni ya jimbo au ya Washington. Akakata.

Shangazi alichoka kusubiri. Alipita kwenye tundu la uzio na kandambili zake, akakigonga kichwa cha treni kwa fimbo.

"Zima hilo dude!"

"Bibi, nikizima bila amri nafukuzwa," dereva akamjibu, kisha akashikwa na kikohozi hadi machozi yakamtoka. Shangazi akaishusha fimbo.

Wiki ile akalazwa. Daktari alimkataza kurudi tena Olivo, basi Maribel, bintiye, akamchukua kwake New Mexico. Nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe imefungwa, na hakuna anayeitaka. Kila akipiga simu huniuliza kwanza, "Wameshazima?"

Nisalimie Yesenia na mapacha wenu. Kaka Rogelio anakusalimu sana. Mungu akulindie kifua chako, binamu, maana serikali zote mbili zimemwachia Yeye kazi hiyo.

Nduguyo akupendaye,
Graciela