Kanga Wawili, Si Kanga Mbili

Mpendwa Baba Kabula,

Barua zako za machimboni zote zilianza kwa mwendo mmoja: wewe mzima, hofu ni kwetu. Nami nilikujibu hivyo hivyo: sisi wazima, hofu ni kwako. Leo nimeshika kalamu nikaona hofu imeniishia, kilichobaki ni uchovu. Basi sisi wazima, uchovu ni kwangu. Sijui niitume wapi barua hii, kwa hiyo siitii kwenye bahasha. Atakayeiokota na aisome, na kama anakufahamu, akwambie.

Nianze na lililonifanya niandike, maana nikilichelewesha nitalikwepa. Ndugu zako wanataka tukae msiba wako baada ya mavuno. Wanasema mtu aliyekwenda machimboni kabla ya zile mvua za elinino, na mpaka leo hajaleta hata salamu, hana tena njia ya kurudi. Walikuwa wanasubiri neno langu tu. Nami kila waliponiuliza nilisema nina kazi, nalisha kanga.

Hao kanga unawakumbuka, bwana. Nisipokusimulia habari zao sina njia ya kukusimulia zangu.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa, na wewe ulikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kule ng'ambo ya Katoro. Nilikwenda Tinde nikamkuta utingo wa lori la mchele, yule aliyekuwa anakufikishia salamu zangu. Nikamwambia, "Mwambie shemeji yako aniletee kanga mbili za arusi." Ningesema doti tu, yote haya yasingetokea. Lakini utingo yule Kiswahili alikivaa kama koti la kuazima, Kisukuma ndicho kilikuwa ngozi yake, na njia ilikuwa ndefu. Alipofika kwako, kanga mbili zilikuwa zimeshaota miguu. Akakwambia, "Mama Kabula anataka kanga wawili."

Ukaja nao. Bado nakuona unashuka barabarani na tenga kichwani, viatu vimejaa vumbi jekundu la kule, unatabasamu kabla hujafika. Nikalipokea tenga, nikaona limefunikwa gunia, nikajua nguo imefunikwa isiingie vumbi. Nikaingiza mkono. Kitu kikanidonoa kidole mpaka damu ikatoka.

"Nini hiki?"

"Kanga. Si uliagiza kanga?"

"Za kuvaa, Baba Kabula! Za kuvaa!"

Ukatazama tenga, ukanitazama mimi. Kisha ukasema polepole, "Nimezunguka vijiji vitatu kuwatafuta. Nikajisemea, mke wangu ana akili, anataka kufuga." Tukacheka mpaka tukakaa chini, na Kabula naye akacheka bila kujua anacheka nini. Arusini nilivaa kanga za kuazima. Kila aliyeniuliza mume wangu ameniletea nini nilimwambia kanga, na sikudanganya.

Kwa bahati walikuwa dume na jike. Wewe hukujua, na mimi sikujua kuwatofautisha, mpaka jike lilipoanza kupotea kila mchana kwenye ua wa minyaa. Ulikuwa bado hujaondoka. Ulimnyatia, ukatambaa kwa tumbo, ukarudi umechanika shati na uso una utomvu wa minyaa, jicho moja halifunguki. Lakini ulikuwa umeyaona mayai. Mama yako akatuonya tusiyaguse kwa mkono, kanga akisikia harufu ya mtu anahama. Tukawa tunayatoa kwa upawa, tukimwachia machache ili asistuke. Sijui kama ni kweli habari ya harufu. Mpaka leo natumia upawa ule ule.

Kosa letu la kwanza unalikumbuka. Tulikuwa na kuku aliyekuwa amelala juu ya mayai yake, tukamwongezea ya kanga, tukaona tumefanya ujanja. Yake yakaanguliwa kwanza, maana yai la kanga linataka wiki nzima zaidi ya la kuku. Kuku akaona kazi imekwisha, akanyanyuka na vifaranga vyake akaenda zake. Yale ya kanga yakabaki yanapoa. Uliyapasua nyuma ya nyumba, ukakuta vifaranga vimeshaumbika, na wewe mtu mzima ukakosa hamu ya kula. Nilikupenda sana siku hiyo, na sikukwambia.

Mara ya pili tukamtafuta kuku mwingine, yule mwekundu mwenye shingo tupu, tukamwekea ya kanga peke yake. Alikaa. Alikonda mpaka ukimshika unahesabu mifupa. Ukawa unamchotea maji kwa kifuniko cha sufuria.

"Huyu kuku amechoka," ulisema.

"Kuchoka amechoka," nikakujibu, "lakini hajatoka."

Neno hilo lilikupendeza. Likawa la nyumbani. Nikikuuliza kuhusu duara lenu lisilotoa kitu, unasema, "Tumechoka ila hatujatoka." Vifaranga vilipoanguliwa vilikuwa na michirizi mgongoni kama vimechorwa, vinakimbia hata kabla havijakauka vizuri. Tukavifungia jikoni asubuhi mpaka umande ukauke, kwa sababu kifaranga cha kanga kikilowa miguu hakimalizi siku. Ulimfundisha Kabula kuchimba mchwa na kuvisagia uwele. Ulikuwa baba mzuri wa kanga. Wa watu pia, ulipokuwepo.

Halafu kukatokea rashi, zile mbio za kukimbilia dhahabu mpya. Watu wakasema kuna mahali papya, dhahabu iko juu juu, wanaichota kama karanga. Nilikwambia duara moja likikushinda hata la pili litakushinda. Ukasema utakwenda kuonja tu. Uliondoka asubuhi, kanga wakakupigia kelele mpaka barabarani kama wanavyompigia mbwa wa jirani, nawe ukageuka ukawaambia, "Nyamazeni, mimi si mgeni."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia, na hukuniambia mimi.

Tangu hapo nimesikia mengi. Mmoja alikuona Mwanza unauza mitumba. Mwingine alisema una mke Katoro na mtoto wa kiume anayefanana na Kabula. Mwingine aliniambia, bila kunitazama, kuwa duara fulani liliingiwa na maji na waliokuwa chini hawakuandikwa majina. Nimeyabeba yote matatu kwa pamoja. Nikiamka nina hasira na wewe, mchana nakulilia, jioni nasikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya jirani na mkono umeshika mlango. Mtu mmoja hawezi kuwa mke aliyeachwa, mjane, na mke anayesubiri, vyote kwa siku moja. Nimejaribu, Baba Kabula. Inachosha kuliko kulima.

Na kanga wako ndio walionimaliza kabisa. Unajua tabia yao. Hapiti mtu, hapiti kicheche, hata karatasi ikipeperushwa na upepo, lazima walie, ile sauti yao ya baiskeli iliyokosa mafuta. Kila wakilia mimi natoka. Nimetoka na unga mikononi, nimetoka na sabuni kichwani, nimetoka nina homa. Nakuta mchunga ng'ombe, au mwuza dagaa, au hakuna mtu. Watu wanadhani nawapenda sana ndege hawa. Kabula amekuwa mkubwa sasa, ana maneno machache kama wewe. Siku moja aliniambia, "Mama, wakilia nitoke mimi. Wewe kaa." Nilimgombeza, kisha nikaona aibu.

Mwezi huu nilimwekea kuku mayai ya kanga kama kawaida. Siku zake zikafika, zikapita. Nilijua yameshakuwa viza, mtu hafugi miaka yote hii asijue. Lakini kila nilipokwenda kumwinua, nilimwona jinsi alivyojibana pale, nikarudi.

Basi mama yako akaja. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, akaenda moja kwa moja jikoni. Akamtazama kuku.

"Huyu amelala tangu lini?"

"Siku zake zimepita, mama."

Akaingiza mkono, mkono mtupu bila upawa, akatoa yai moja, akalitikisa sikioni. Akanipa nami nitikise. Ndani mlikuwa na maji, yanacheza.

"Hili nalo unalisubiri?"

Akamshika kuku kwa mbawa akamwinua. Kuku akapiga kelele, akamdonoa, mama yako hakumwachia. Alipomweka chini nje, kuku alisimama anayumba, akaenda kwenye maji. Alikunywa, akainua kichwa, akanywa tena. Sijawahi kuona kiumbe anakunywa maji namna ile.

Mama yako akakaa kwenye kigoda, akaniita ng'wanawane, mwanangu, neno ambalo huwaitia ninyi aliowazaa tu. Akasema, "Yule nilimbeba mimi tumboni. Kama ningekuwa bado nasikia kitu, ningekwambia kaa."

Tulilia wote wawili, mchana kweupe, na kanga nao wakalia kwa sababu sisi tunalia. Tulipomaliza nikampa neno langu akawapelekee ndugu zako: mlieni. Nitapika, nitapokea watu, nitakaa chini na wanawake wenzangu. Wakataka kanga wachinjwe kuwa kitoweo cha wageni, nikakataa. Wachinje mbuzi.

Kaniki, ile nguo nyeusi ya wajane, nayo nimeikataa. Kesho yake nilikwenda Tinde na tenga, lile lile lako, kwa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, yule mama anayependa mayai yetu. Nikampa ndege wawili, dume na jike. Akanitolea doti, nyekundu na nyeupe, bado inanukia duka. Kanga mbili kwa kanga wawili. Nilisimama pale dukani nikacheka peke yangu, yule mama akaniuliza nini, nikashindwa pa kuanzia. Ungekuwepo ungeelewa. Hakuna mwingine duniani atakayeelewa kichekesho kile, na hilo ndilo lililonifanya nilie njia nzima.

Nitazivaa siku ya msiba wako. Watasema sina adabu. Nimezisubiri vya kutosha.

Kama umelala chini ya ardhi ya kule, lala salama. Nimekusamehe ile rashi. Kama uko Katoro na mwenzangu, mpe salamu, na mtoto afundishwe kukaa mbali na maduara. Na kama uko njiani, nikuonye jambo moja. Kanga wa sasa wote wameanguliwa ukiwa hupo. Watakupigia kelele kama mgeni. Usiwakasirikie, hawakufahamu.

Jana jioni walilia. Nilikuwa nasonga ugali. Mkono ulitaka kuacha mwiko, nikauambia songa. Wakalia sana, kisha wakanyamaza, ugali ukaiva, tukala na Kabula. Aliyepita sikumjua. Sitatoka tena kutazama. Kama ni wewe, mlango unaujua.

Ni mimi, niliyechoka na kutoka,
Mama Kabula, mwenye kanga