Vifungio vya Shemeji

Mansfield, Texas
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa dada Avelina,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji Gelasius na Queen. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Sugar Land, na kwamba uvimbe wa mguu wa shemeji unaendelea kupungua kama ulivyoniambia Jumatano. Mimi mwili hauna shida. Huku mvua imenyesha siku mbili mfululizo. Leo baada ya misa wenzetu walikwenda kula Arlington kama kawaida, mimi nikarudi nyumbani kukuandikia.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu unayeongea naye kwenye simu kila baada ya siku mbili. Nimejaribu simu, dada. Wiki iliyopita nilikupigia mara tatu nikiwa na jambo moja la kukwambia, na mara zote tatu ulianza kwa kuniuliza kama nimekula. Nikajibu nimekula, tukaongea mengine, tukaagana. Kwa hiyo nimeona niandike. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Nianzie Novemba, siku tuliyokwenda kununua vifungio. Mengine ya safari yetu ya Januari unayajua, lakini siku hiyo hatujawahi kukusimulia vizuri. Shemeji alikuwa amekuja huku kwa mkutano wa kazi, akasema kwa kuwa sasa anapenda kweli kuteleza kwenye theluji kwa ski, amechoka kukodi. Nikampeleka kwenye duka ninaloendaga mimi, Fort Worth. Fundi wa pale ni Fiona, yule dada Mkenya. Alisomea Denver, huko ndiko alikojifunza ski. Alipotusikia tukiongea Kiswahili alicheka, akatuvutia viti.

Fiona alitueleza kwa utulivu. Kifungio ndicho kinachoshika kiatu kwenye ski, na kazi yake kubwa ni kujua wakati wa kuachia. Ukianguka, kifunguke, ski iende zake na mguu ubaki wako. Kwa mtu anayetaka kuteremka kituoni, ambako lifti inakupandisha, na pia kupanda milima isiyo na lifti kwa miguu yake, alisema kuna njia mbili. Kuna vifungio vyepesi sana, vinavyoshika kiatu kwa pini ndogo za chuma, mbili mbele na mbili nyuma. Wanaopanda kutwa nzima wanavipenda. Na kuna vizito, karibu mara mbili ya vile, ambavyo wakati wa kuteremka vinakibana kiatu mbele na nyuma kama vile vya kawaida vya kituoni, na mtu akianguka vinafunguka kwa namna inayotabirika zaidi.

Akamuuliza shemeji, katika siku kumi za ski, ngapi zitakuwa za lifti na ngapi za kupanda kwa miguu. Shemeji akawaza, akasema nane za lifti, mbili za miguu. Fiona akasema basi jibu amejipa mwenyewe, achukue vizito.

Hapo nikaingilia. Nilisema shemeji atakuwa ananifuata mimi, na mimi natumia vyepesi; akibeba chuma chote kile atachoka kabla hatujafika nusu ya mlima, na sisi wengine tutabaki tunamsubiri kwenye baridi. Shemeji alinitazama jinsi anavyomtazama mtu anayejua kazi yake. Akachukua vyepesi.

Fiona hakubishana. Alimpima uzito na urefu, akaandika umri wake na kipimo cha kiatu, akamuuliza anateremkaje, kwa fujo au kwa tahadhari. Kompyuta ikatoa namba sita; namba ikiwa kubwa zaidi, kifungio kinakuwa kigumu zaidi kufunguka. Akafunga skrubu hadi sita, akaweka kiatu kwenye mashine inayokizungusha mpaka kifunguke, akarudia mara tatu kila upande. Kisha akachapa karatasi, ndiyo ile mliyonayo, akatia saini, na shemeji akatia saini. Maneno aliyosema wakati anatukabidhi nayakumbuka yote.

"Hii namba si ya kujigamba nayo. Ikifunguka mapema mkiwa huko, nirudishieni mimi ama mpeleke kwa fundi wa hapo mlimani. Msiiguse nyinyi wenyewe."

Tuliondoka Alhamisi ile ya mwisho ya Januari kabla ya mapambazuko, shemeji, mimi na Sospeter wa ofisini kwangu, tukapitia Amarillo hadi New Mexico, tulikokodi nyumba karibu na kituo cha ski. Mpango ulikuwa Ijumaa na Jumamosi tubaki kituoni, Jumapili tupande mlima usio na lifti. Sospeter ana kanuni yake, hapandi mlima kama huo na watu pungufu ya watatu. Mimi nilikuwa nimeusubiri mlima ule mwaka mzima. Mwaka jana tuliukosa kwa sababu ya hatari ya maporomoko, na mara hii taarifa ya theluji ilikuwa nzuri.

Kituoni mambo hayakumwendea vizuri shemeji. Ijumaa ski ya kushoto ilimtoka mara mbili, tena sehemu za kawaida tu. Jumamosi ikamtoka chini kabisa ya lifti, mbele ya foleni ya watu, ikateleza peke yake mpaka mama mmoja akaisimamisha kwa mguu. Shemeji alicheka pamoja nao, lakini unamjua, alikuwa ameumia. Jioni alisema Jumapili hatapanda. Ataipeleka ski kwa fundi, au atakaa tu chumbani asome. Sospeter akasema hakuna neno, wote tutabaki kituoni. Mimi nikasema tutaona asubuhi.

Asubuhi shemeji alikuwa amebadili mawazo. Alisema amelala akifikiri, hapendi kutuharibia, atakuja ila atateremka polepole sana. Tukabandika chini ya ski zile ngozi zinazozuia kuteleza kurudi nyuma, tukapanda kwa muda wa karibu saa tatu. Alipanda vizuri, dada, nataka ujue hilo. Juu kabisa alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasema laiti Avelina angeona.

Sospeter alitangulia kuteremka, shemeji akafuata, mimi nyuma. Theluji ya juu ilikuwa laini, lakini chini ya miti ilikuwa imeganda tabaka la juu tu, ukikanyaga linapasuka. Nilimwona anageuka mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ski ya kushoto ilipasua lile tabaka ikazama chini yake. Mwili ukaenda, ski ikabaki.

Nilisikia mlio. Nilidhani ni ski imevunjika. Nikaomba iwe ni ski.

Nilipomfikia, ski ilikuwa bado imeng'ang'ania kiatu, na goti lilitazama upande mmoja, ncha ya kiatu upande mwingine. Hakupiga kelele. Alikuwa anapumua kwa haraka kama mtoto mwenye homa. Nikabonyeza kifungio kwa mkono wangu ndipo kikafunguka. Sospeter alituma ujumbe wa kuomba msaada kwa kile chombo chake cha setilaiti, ukarudi ujumbe kwamba waokoaji wako njiani, tusimsogeze. Tukachimba shimo kumkinga na upepo, tukamlaza juu ya mabegi yetu, tukamfunika makoti yote. Ilikuwa saa sita mchana. Walifika saa kumi na robo.

Saa zile nne sitakueleza zote. Midomo yake ilibadilika rangi. Akaacha kutetemeka, na Sospeter akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo si dalili nzuri. Nilimkumbatia kwa nyuma, kifua changu kwenye mgongo wake, nikimuuliza maswali ili asilale: jina la shule yake ya msingi, ya mwalimu wake wa kwanza, siku mliyokutana. Alijibu taratibu, mengine kwa Kihaya. Halafu akasema, "Elia, nisamehe. Nimekuharibia siku yako."

Nilimbana tu.

Yaliyofuata unayajua. Ulikuja kwa ndege, ukanikuta kwenye korido ya hospitali, ukanishika mikono yote miwili ukanishukuru kwa kumrudisha akiwa hai. Daktari alipokwambia kwamba kwa kawaida kifungio kingefunguka kabla mfupa haujafikia kuvunjika, ukataka kujua kwa nini hakikufunguka. Wakili wenu akazikagua ski, akakuta skrubu za kushoto ziko kwenye tisa, na karatasi ya duka inasema sita. Uliniambia kwenye simu kwamba yule Mkenya alifunga tisa akaandika sita, na kwamba hutalala mpaka aache kugusa ski za watu. Wakili akanipigia siku ya pili, akaniuliza kama kuna mtu aliyezigusa baada ya kutoka dukani. Nilisema hakuna. Alhamisi hii natakiwa kuja Houston kutia saini maneno hayo chini ya kiapo.

Dada, Fiona hakukosea. Ni mimi niliyekaza.

Jumapili ile niliamka wa kwanza. Shemeji alipotoka chumbani akasema atakuja lakini polepole, niliona kwamba ski ikimtoka tena kule juu, kusiko na njia, itapotelea kwenye theluji na siku yetu itakuwa imekwisha. Ningeweza kusema tusubiri fundi afungue karakana. Alikuwa anafungua saa mbili, na sisi tulitaka kuondoka saa moja. Shemeji alikuwa jikoni anatuchemshia chai. Nilichukua bisibisi kwenye gari, nikaingia gereji, nikageuza skrubu mbili za kisigino cha kushoto kutoka sita hadi tisa. Haikuchukua hata dakika. Sikumwambia, kwa sababu nilijua angekataa. Kisha nikaingia ndani nikanywa chai yake.

Kwa wiki tano nimekuwa nikijiambia kwamba nitasema kesho. Mwanzo nilisubiri atoke kwenye upasuaji, kisha nikasubiri atoke hospitali, kisha nikawa nimeshamjibu wakili na uongo ukawa na mguu wake wa kusimamia. Ijumaa nilikwenda dukani. Nikaambiwa Fiona amesimamishwa kazi tangu wiki mbili zilizopita. Nilimweleza mwenye duka kila kitu, nikaandika na kutia saini mbele yake. Akampigia Fiona, akaja, tukakaa kwenye viti vilevile.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akatazama mikono yake, akasema, "Wiki hizi zote nimekuwa nikijiuliza kama ni mimi nililala nikafunga vibaya. Nilikuwa nimeanza kuamini." Nikamwomba msamaha. Akasema hajafika hapo bado, nimpe muda. Halafu akauliza shemeji anaendeleaje, kama ameanza kukanyaga. Nikasema anatumia magongo. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kesho saa tatu nitampigia wakili wenu nimwambie ukweli. Naituma barua hii kwa posta ya haraka ili ikufikie Jumanne, lakini najua yeye atawapigia kabla. Nisamehe na kwa hilo pia. Nikisubiri uisome kwanza, naogopa nitapata sababu nyingine ya kusubiri.

Queen aliniambia kwamba baba yake husema ameanguka kizee, kwamba mtu mwingine angejua kuanguka. Naomba umsomee shemeji barua hii wewe mwenyewe, yote, bila kuruka kitu. Hakuna alichofanya vibaya pale mlimani. Mtu yeyote angevunjika.

Jumamosi nitakuja Sugar Land, kama saa nne asubuhi hivi. Nitabisha mlango mara moja. Asipotaka kuniona, nitarudi Mansfield na sitamlaumu, wala wewe. Akitaka, nitakaa mbele yake aseme analotaka kusema.

Nisalimie Queen, mwambie nimepata ujumbe wake kuhusu chuo na nimefurahi. Wasalimu na akina mama wa jumuiya yenu walioniombea bila kujua wanamwombea nani. Mungu awalinde wote watatu.

Ni mimi mdogo wako,

Elia