Sheria ya Ngozi

Mumosho, tarehe 9 Oktoba 2023

Kwa yaya Aloys,

Salamu nyingi zikukute wewe na muke wako Élodie hapo Kadutu, Bukavu. Ukiuliza juu yetu, siye tunapumua, mvua imeanza, maharagi imeshika. Na mimba ya Élodie inaendelea aje? Kila asubuhi namuombea. Miaka kumi na moja ya kungoja, sasa miezi ine imefika. Mungu hakusahau, ni siye tulikuwa na haraka.

Yaya, kaka yangu mukubwa, naandika kwa karatasi kwa sababu wewe mwenyewe ulisema mambo ya kondoo tusiongee kwa simu, maneno ya simu inapotea, karatasi inabakia. Wewe ni sekreteri wa faculté kwenye chuo kikuu, unapenda karatasi. Basi pokea hii.

Kondoo zako nane ulizonipa kuchunga, zote zilikuwa na mimba. Nilikuwa nishaanza kuhesabu wana kwa vidole. Sasa tatu zimetupa mimba ndani ya siku kumi na mbili. Wana wanatoka bila manyoya, wamevimba, na maji yake inanuka. Ninawavuta kwa mikono yangu, nani mwingine atawavuta? Ile ya leo ililala inaniangalia kama mimi njo nimemuiba mutoto wake. Nilikaa pale kwenye matope nikalia, mimi mutu muzima muzima.

Tafazali, tafuta dokteri wa mifugo hapo mujini, huku kwetu hakuna. Usichelewe, tano zingine ziko karibu kuzaa.

Mudogo wako,
Cibalonza


Kadutu, tarehe 17 Oktoba 2023

Kwa mudogo wangu Cibalonza,

Salamu. Élodie ni muzima, anakusalimia, tumbo linaonekana sasa hata akijifunga kitenge. Mimi niko na kazi mpaka kwenye shingo, mwaka wa masomo unaanza.

Barua nimeipata kwa mukono wa Priscille wa huko kwenu, alipokuja kuuza mboga zake hapa sokoni. Nimeisoma mara mbili. Sasa nami nikuulize, na usikasirike: mabati mapya ya jiko yako yametoka wapi? Mutu mumoja wa Mumosho alipita hapa, akaniambia jiko ya Cibalonza inang'aa kuliko kanisa. Kondoo zinakufa, mabati yanazaliwa. Mimi si mutoto.

Sikuiti mwizi. Nasema tu tufuate sheria ya papa, baba yetu. Papa alichungisha mbuzi na kondoo kwa watu kumi na hakugombana na hata mumoja, kwa sababu sheria ilikuwa moja: kinachokufa mukononi mwako, unaleta ngozi yake. Kama ni mwana hajakomaa, unamuleta yeye mwenyewe. Mwenye mali anaona kwa macho, mambo inaisha. Wewe umeleta karatasi tu. Nitumie vile vinavyokufa. Nikiviona, nitatafuta dokteri. Bila kuona, sitatafuta mutu.

Yaya yako,
Aloys


Mumosho, tarehe 25 Oktoba 2023

Kwa yaya Aloys,

Habari ya nyumba? Mimi niko na homa kidogo kila jioni, itapita.

Mabati ni ya likelemba ya ba maman wa kanisa. Miezi tisa nilichangia zamu za wengine, ya kumi ikawa yangu. Muulize Priscille, naye alipata godoro. Ungeniuliza kwa upole, ningekujibu kwa upole. Tukiwa watoto nilikuwa nakuachia nyama yangu kwenye sahani, leo wewe unanihesabia misumari ya jiko! Aksanti sana, yaya. Aksanti mpaka mbinguni.

Basi, sheria ya papa. Kondoo mbili tena zimetupa, na moja kati yake imekufa. Ndani ya gunia kuna wana wawili na ngozi moja. Priscille amekubali kulibeba, lakini uso wake ungeuona.

Neno moja, na hili si la hasira: ufungue wewe mwenyewe. Élodie asiguse, asiangalie hata. Kondoo ikitupa mimba, maman yetu alikuwa anafukuza kila mwanamuke mwenye mimba kwenye zizi. Sababu hatukuijua, lakini maman hakuwa mwendawazimu.

Mudogo wako,
Cibalonza


Kadutu, tarehe 30 Oktoba 2023

Kwa mudogo wangu,

Salamu sana, na pole kwa homa. Kunywa muchuzi wa moto.

Gunia limefika. Nilikuwa kwenye réunion ya kazi, kwa hiyo Élodie njo alifungua akanihesabia: wana wawili, ngozi moja. Inalingana na barua yako. Unaona? Sasa mambo iko wazi na hakuna mutu amekasirika. Yale ya maman ni imani ya zamani, siye tumesoma.

Ile ngozi Élodie ameipenda. Ameisugua kwa chumvi na majivu, siku mbili alikuwa nayo kwenye beseni, sasa imetandazwa kwenye kamba ya nguo. Anasema mutoto atalala juu yake, kama vile siye tulilala juu ya ngozi kwa papa. Nilicheka kumuona, chumvi mpaka kwenye viwiko.

Dokteri nitamutafuta nikipata nafasi, labda katikati ya mwezi ujao. Vitakavyofuata uvitume vilevile.

Yaya yako,
Aloys


Mumosho, tarehe 6 Novemba 2023

Yaya,

Leo sikuulizi habari, unisamehe. Soma hii kabla ya kukaa.

Dokteri nimemupata mwenyewe. Anaitwa Camille, alipita Nyangezi kwa mambo ya ng'ombe, nikamushika mukono nikakataa kumuachilia mpaka akaja. Amechukua damu ya kondoo na damu yangu. Anasema anaogopa ni brucellose. Huo ugonjwa njo unatupisha kondoo mimba, na unakaa kwenye yale maji, kwenye wale wana, kwenye ngozi mbichi. Mutu unamuingia kwa mikono. Homa yangu ya jioni si malaria. Alinigombeza: wana wachomwe, watu wavae glavu! Nikamwambia siye tuliwatuma Bukavu kwa gunia. Kisha akauliza kama kwenye ile nyumba kuna mwanamuke mwenye mimba.

Aloys, muke wako aende hospitali leo. Si kesho. Museme neno brucellose, wamupime damu, dawa iko. Ngozi uichome.

Simu yangu ilikufa pamoja na namba ya Élodie. Yako naijua kwa kichwa, kwa simu ya jirani nimekupigia mara ine, hushiki. Priscille atakuletea barua hii kwenye biro yako ya kazi, mukononi mwako, hata kama uko na wageni. Nimemukataza kumwambia Élodie mwenyewe, asije akamuogopesha bure. Wewe njo bwana yake, atasikia vizuri kwa kinywa chako. Unijibu hata kwa neno moja.

Mudogo wako,
Cibalonza


Kadutu, tarehe 2 Desemba 2023

Cibalonza,

Mutoto hayuko tena. Alitoka tarehe 27, miezi sita haikutimia. Alikuwa mwanaume, vidole vyote vilikuwa tayari. Élodie anakaa kwenye kitanda anaangalia mikono yake.

Hospitali wamekuta ugonjwa wa kondoo kwenye damu yake. Wa kondoo! Mama yake anauliza kila mutu anayeingia: nani alituma ule uchafu kwenye nyumba ya mwanamuke mwenye mimba? Nami najiuliza. Wewe umezaa watatu bila shida, ulikuwa unatafuta nini kwetu? Familia haitaki kukuona kwenye kilio, na mimi sitaweza kukutetea. Bakia huko.

Aloys


Kadutu, tarehe 21 Januari 2024

Kwa mudogo wangu mupenzi Cibalonza,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Ile ya Desemba hukujibu, na sina haki ya kulalamika.

Nitasema wazi. Barua yako ya tarehe 6 Novemba, Priscille aliniletea kwenye biro kama ulivyomutuma. Niliona mwandiko wako, nikasema ah, kondoo tena, nikaitupa ndani ya droo ya meza, pamoja na makaratasi mengine. Sikuifungua. Nimeifungua wiki iliyopita nikitafuta kitu kingine. Toka ile siku mpaka mutoto kutoka, ni siku makumi mbili na moja. Nimehesabu mara nyingi, hazipunguki.

Kuna kingine. Élodie alipotoka hospitali aliniuliza kwa nini dada yangu alituma lile gunia. Nikajibu ulituma kwa akili yako, mimi sikuomba kitu. Neno lilitoka tu, Ciba. Kisha mama yake akalishika, watu wa kanisa wakalishika, leo siwezi kulirudisha. Élodie bado ananipikia. Akijua ukweli, ataenda. Majuto ni mujukuu, kweli.

Nakuomba kitu kimoja. Ile barua yangu ya tarehe 17 Oktoba, uichome. Ile tu. Kondoo zilizobaki ni zako zote, na shamba ya papa nitakuandikia kwa jina lako. Tukiwa watoto ulikuwa unaniachia nyama. Niachie na hii.

Yaya yako,
Aloys


Mumosho, tarehe 4 Februari 2024

Kwa Aloys,

Salamu. Mimi naendelea na vidonge. Homa ilienda, ikarudi, dokteri akaongeza vingine. Magoti inauma, lakini nasimama. Hukuuliza, najua. Nimejibu kwa desturi tu.

Kondoo zilizobaki unazonipa, hakuna. Dokteri Camille alipopata majibu ya damu aliziua zote, tukazichoma, hata ile moja iliyozaa mwana muzima. Kwa hiyo usiniombe ngozi. Na shamba ya papa naipiga jembe toka siku alipozikwa, sikungoja uniandikie.

Mimi nami niko na kosa langu, na sitakuficha. Nilimufunga Priscille mudomo. Angepita tu kwa Élodie, hata kwa kumuogopesha! Lakini nilikuamini wewe. Hiyo itanikaa mpaka kaburini.

Barua yako ilifika, na kesho yake Élodie mwenyewe akafika. Alishuka kwenye pikipiki, amekonda, amefunga kitenge cha kilio. Nilimupa kiti, akakataa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Dada, nilikukosea nini?"

Kiberiti kilikuwa mukononi, yaya. Nilikuwa nawasha moto kwenye jiko, lile la mabati. Na barua zako ziko pale pale, ndani ya kopo. Nilikufikiria ukiwa mudogo, unachungulia sahani yangu kama nimeshiba. Kweli nilikufikiria, na roho iliniuma. Lakini akauliza tena, nilikukosea nini, na mimi sikuwa na neno ambalo angeliamini, kwa sababu wewe ulishamwambia mimi ni mutu wa aina gani.

Basi nilifuata sheria ya papa. Kinachokufa mukononi mwako, usiongee mengi, leta ngozi, mwenye mali aone kwa macho. Nilimupa ile ya tarehe 17 Oktoba. Nikamupa na hii ya juzi.

Alisoma akiwa amesimama. Pale uliandika "nitumie vile vinavyokufa" aliweka kidole, akauliza kama ni mwandiko wako. Nikamwambia unaujua kuliko mimi. Akateremka pole pole kwenye ukuta mpaka chini, akalia mpaka majirani wakakuja. Anasema huko Kadutu alikuwa halii, alikuwa anakuonea huruma wewe.

Élodie yuko hapa kwangu. Asubuhi tunakunywa vidonge pamoja, yeye vyake, mimi vyangu, kisha uji. Nguo zake utampa Priscille, na cherehani yake. Ile ngozi, kama bado iko kwenye kamba, uichome, na uvae glavu. Wewe usikuje. Barua zote za kondoo yuko nazo yeye sasa.

Cibalonza, binti ya muzee