Mke wangu amevunja njia za zege apande maua, na mwenye miche simwamini

Mpendwa mshauri, nakusalimu kutoka Shirimatunda na naomba msaada wako upesi, maana Jumamosi hii nimeita kikao cha ukoo na kaka zake mke wangu wanakuja, na kabla sijayasema mbele yao nataka mtu asiyenijua anisikilize. Jina langu usilitaje, mimi ni mzee wa kanisa.

Nina miaka sitini na mbili, mke wangu Mama Kindness ana hamsini na nane, watoto wameshatoka, tumebaki wenyewe na ng'ombe wawili. Tulipohamia hapa mwaka 1996 nilimwaga zege kwa mikono yangu, njia moja kutoka mlango wa jikoni hadi banda la ng'ombe na nyingine hadi getini, ili mke wangu asikanyage tope wakati wa masika, na ni kweli zege limepasuka na mizizi ya mparachichi imelinyanyua, lakini ni zege langu. Sasa juzi nilikwenda Dodoma kwa binti yetu wiki mbili, narudi nakuta limevunjwa lote, limerundikwa nyuma ya choo, na mahali pake kuna bustani ya maua imenyooka kutoka jikoni hadi bandani, pembeni ameacha kinjia cha udongo kilichopangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nilipomuuliza akasema, "Baba Kindness, nimechoka na zege, nataka harufu nzuri." Mshauri, tuna miaka thelathini na mitano ya ndoa na hajawahi kuniambia anataka harufu nzuri.

Aliyepanda ni mtu anaitwa Godlove, muuza miche wa Pasua, amefiwa na mke, umri kama miaka arobaini na tano, meno yote anayo. Anakuja Jumanne na Ijumaa, eti anapalilia. Nikaanza kuchunguza. Maua yenyewe hayana rangi ya maana, ni rozi, asumini, rozimeri na mrehani, vitu vya kunukia vitupu, na yale mawe meupe najiuliza ni ya nani, maana mimi njia naijua na mke wangu anaijua, anayehitaji kuonyeshwa njia jua likizama ni mgeni. Sokoni ameacha kwenda, anamtuma jirani, sasa anabaki nyumbani kwa ajili ya nani? Kanisani hafungui tena kitabu cha nyimbo, anaimba kwa kichwa huku macho yako mbali, na chai siku hizi anaimimina hadi nje ya kikombe, mawazo yake hayapo kwangu. Miguuni ana michubuko, nikimuuliza anasema amejikwaa. Nilipomweleza kaka yangu Praygod tukinywa mbege aliniambia, "Mbe, mwanamke akianza kupanda maua uzeeni, ujue kuna pua inayasubiri."

Basi Ijumaa iliyopita niliaga naenda mjini, nikarudi kupitia migombani, nikawaona kwa macho yangu. Godlove amemshika mkono, anampitisha pale palipobaki mabonge ya zege, anamwambia taratibu, "Inua mguu mama, hapa kuna kipande." Kipande gani, mshauri, saa sita ya mchana jua linawaka?

Hasira ilinipanda, kesho yake asubuhi nikaung'oa mrehani wote uliokuwa mlangoni mwa banda na mawe yake nikayatupa. Mke wangu akatoka na ndoo ya kukamulia, akaupita mlango, akajigonga paji la uso kwenye nguzo ya banda, nguzo hiyohiyo anayoipita miaka yote, akakaa chini akalia, wala hakuuliza nani kang'oa. Nikajua analilia mrehani wa Godlove. Uchungu nilioupata sijui niuandikeje. Huyu ni mwanamke ambaye tulimuuguza mama yake humu ndani miaka minne, mama asiyeona, wa kulishwa na kupelekwa choo, na siku ya mazishi tulipotoka makaburini nilimwambia sasa tumetua mzigo, tuishi na sisi, kumbe malipo yangu ndiyo haya. Bado nampenda, sikufichi. Je, nisubiri niwafumanie kwanza, au Jumamosi niseme yote kikaoni wamchukue dada yao?

Mwenye Uchungu, Shirimatunda

MSHAURI DOMINIKA ANAJIBU

Baba Kindness, majina yote humu nimeyabadilisha mimi, kwa sababu ulificha la kwako ukayaacha ya wenzako yote wazi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilitamani nikufinye sikio.

Mtu hafungui kitabu cha nyimbo. Anamimina chai nje ya kikombe. Anajikwaa mpaka anachubuka, soko amelikimbia, na nguzo ya banda hakuiona hadi ilipomgonga. Muweke Godlove pembeni kidogo, halafu uniambie mtu huyo ana nini. Mimi si daktari na naweza kukosea, lakini kwa maelezo yako mwenyewe mke wako haoni vizuri, na hali inazidi. Mama yake naye hakuwa anaona. Yapo magonjwa ya macho yanayotembea kwenye ukoo, presha ya macho ni mojawapo.

Sasa itazame upya hiyo bustani. Zege lililonyanyuliwa na mizizi lilikuwa linamwangusha, kwa hiyo alisubiri uende Dodoma akaliondoa. Mawe ya chokaa ameyaweka kwa sababu nyeupe bado anaiona. Harufu inamwambia amefika wapi, na mrehani ndio uliokuwa ukimwambia kwamba hapa ni mlango wa banda. Ukaung'oa, ukasimama ukimtazama anajigonga, ukadhani analilia mwanamume. Huyo muuza miche wiki chache tu zilimtosha kujua kuwa hapa pana mtu wa kushikwa mkono. Wewe unalala naye kitanda kimoja. Na Praygod mshukuru kwa mbege, ushauri wake mwachie mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini hakukuambia. Ulimwita mama yake mzigo, siku ileile mnatoka kumzika. Yeye alisikia, akajua zamu yake ikifika ataitwaje. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo neno umeshalisema. Lakini sikuoni kuwa mtu mbaya. Wanaume wangapi wangemuuguza mama mkwe miaka minne?

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Wapigie simu wote uliowaita, waambie kikao hakuna, na wakiuliza sababu sema ulikosea. Habari za Godlove usimtajie kiumbe yeyote zaidi ya mke wako. Kisha katafute jani bichi la isale, umpelekee mke wako mkononi. Wewe ni Mchagga, sihitaji kukufundisha kuwa anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Mwambie mrehani uliung'oa wewe, na mwambie ulimfikiria nini, hata kama ulimi utakuwa mzito. Lile neno la makaburini lifute kwa mdomo uleule uliolisema. Usimhoji kama polisi kuwa anaona au haoni. Ukimaliza yako, nyamaza, umwachie nafasi aseme yake.

Jumatatu mwende hospitali mkaonane na daktari wa macho. Kilichopotea huenda kisirudi, lakini kilichobaki mara nyingi huweza kulindwa kwa dawa, ikiwa mtu amewahi. Akikataa, mwache siku moja, kisha mwombe tena. Waambie na watoto waende kupimwa, kwa sababu ile ni damu ya bibi yao pia. Mrehani mwingine kanunue kwa Godlove, umsalimie vizuri, na uupande wewe mahali mke wako atakapokuonyesha.

Na mkishuka mjini, mshike mkono kutoka stendi hadi mlangoni kwa daktari, mchana kweupe, wenzako wa kanisani wakiona. Mke wako anaogopa giza, na amekuogopa wewe kuliko giza. Giza ni kazi ya daktari. Hilo la pili ni kazi yako.